Rudisha Funguo

Yaya Béa alikufa Jumanne, na Jumatano mchana nilikuwa nimekaa juu ya kitanda chake, mtaa wa Kamalondo, kati ya wanawake watatu waliokuwa wanagombana kwa sauti ya chini. Nje kilio kilikuwa kimeshika, wanaume wamepanga viti vya plastiki chini ya turubai, kwaya ya parokia inajaribu sauti, mtu anapasua kuni. Ndani tulikuwa tunatafuta nguo ya kumvika. Mama mudogo Alphonsine, mdogo wa marehemu mama yake Béa, ndiye aliyeongoza, na alinisukuma mimi mbele ya sanduku la bati. "Weye Mado ndiye ulikuwa unatumika naye," akasema, "weye ndiye unajua bikwembe byake." Nikavitoa vikwembe, vitenge vyake, kimoja kimoja. Chini kabisa mkono ukagusa karatasi ngumu. Nikavuta koli moja, kifurushi cha posta, imezungushiwa utepe wa kahawia wa skochi, ina stempu za nchi ya mbali na jina la Béa limeandikwa kwa herufi za kuinama, na haijafunguliwa. Miaka yote ile haijafunguliwa. "Kintu gani hiki?" Mama mudogo akauliza. Nilijua ni kitu gani, au nilidhani najua. Nikamwambia, "Mama, uniache kwanza nipumue," nikaiweka koli juu ya magoti, nikaishika kwa mikono miwili.

Wanaoandika maisha yao huanza na babu zao waliofika na reli, na machimbo, na ubatizo. Mimi siendi huko. Nilikuwa na miaka ishirini, nimechoka kukaa bure, na Yaya Béa alihitaji mikono. Inatosha. Kwetu Lubumbashi yaya si mwanamke wa kulea watoto wa mtu. Ni dada mkubwa, au yule unayemheshimu hivyo, na Béa hakuwa ndugu yangu kwa damu hata tone. Naandika hapa kwa Kiswahili nilichofundishwa na masista, kile tunachokiita Kiswahili bora, lakini watu nitawaacha waseme walivyosema. Béa angenicheka kama ningemfanya aongee kama redio.

Kazi yetu ilikuwa kuuza vikwembe vya zamani kwa watu wa ng'ambo kwa njia ya simu. Si vipya. Vipya wanavyo. Walitaka vile ambavyo mama za watu walinunua zamani wakavifungia sanduku, havijakatwa, havijashonwa, na ile karatasi ya kiwanda bado imebandikwa pembeni. Béa alizunguka mitaa yetu ya Katuba na Kenya akibembeleza wanawake wazee wafungue masanduku yao, akarudi na mzigo kichwani, akaanza kuvipiga picha kwenye chumba cha mbele. Chumba kile nakiona mpaka leo: dirisha moja, shuka jeupe limepigiliwa misumari ukutani, meza iliyopungukiwa mguu mmoja, na harufu ya naftalini iliyoingia hadi ndani ya mkate. Kila kikwembe kina jina lake, majina wanayopewa na wanawake wa sokoni, na wanunuzi waliyapenda majina kuliko nguo yenyewe. Kulikuwa na Majirani Mulale. Kulikuwa na Bwana Yuko Safari, na Ukisema Nitasema. Béa aliyageuza kwa Kifaransa, simu ikayageuza tena kwa lugha ya mnunuzi, na sijui kule mwisho walisoma nini, lakini walinunua.

Mimi nilifunga. Nilikuwa na mikono mizuri ya kufunga, nasema bila haya. Unakunja kikwembe ili karatasi ya kiwanda ibaki juu na mkunjo usipite juu yake. Unakianika siku nzima upepo uondoe naftalini na moshi, maana wale watu wa ng'ambo walilalamika kuhusu moshi, kana kwamba sisi tungepika na nini. Halafu plastiki, halafu kipande cha mfuko wa unga, halafu karatasi, halafu skochi mara mbili kwenye kila mshono. Kamba hapana. Ukifunga fundo, mtu wa mpakani anaona raha kulikata. Koli zikiwa tayari alikuja Kasereka, mfanyabiashara wa jumla aliyetoka upande wa Butembo, mtu wa sala, mwenye lori zilizokwenda Zambia. Alizivusha mpakani Sakania, akazituma kutoka Ndola, na anwani ya kurudishia ilikuwa sanduku lake la posta la kule. Kila Ijumaa alisimama dirishani na kofia mkononi, akaombea koli zetu kwa macho yaliyofumbwa, mimi nikamwangalia na kungoja amalize.

Na kulikuwa na Kambo. Kambo ndivyo tunavyoita bibi, na mama yake Béa alikuwa kambo wa lupango zima, uwanja wote na nyumba zake, hata wa wapangaji. Alikaa kwenye kiti kifupi mlangoni mwa ujia wa ndani, mbabula yake ya makaa mbele yake, sufuria ya sombe, kisamvu chetu, juu, na hapo aliongoza dunia. Alitupikia bukari, ugali wetu, na samaki wa chumvi, na Jumapili kuku akipatikana, na alikataza mtu kula akiwa amesimama. Béa alikuwa ameweka simu isome barua za wanunuzi kwa sauti, kwa Kiswahili, ili mama yake naye aburudike. Simu ilisema kama askofu: "Muuzaji mpendwa, je, kitambaa hiki kina kasoro yoyote?" Kambo aliweka mwiko chini. "Muuzaji mupendwa," alirudia. "Munasikia? Huyu mama wa mbali iko na heshima kupita bote ba mu hii lupango." Kisha akaniangalia mimi, maana nilikuwa nimekula jana yake bila kushukuru.

Masika yalipokolea, masanduku ya mji yakaanza kukauka. Wanawake walikuwa wamekwisha kuuza, au walikuwa wamesikia bei na kujiona wajanja. Wiki mbili Béa alirudi mikono mitupu, akakaa mezani akijing'ata kucha. Kambo alimtazama siku mbili, siku ya tatu, akijiandaa kwenda misa ya wamama na rozari tayari mkononi, akasema hivi, na mimi nilikuwepo: "Fungula sanduku yangu. Kamata byote, mi sina pa kubivalia tena. Uniachie tu ile ya chini." Béa akamuuliza, "Ile ya chini juu ya nini, mama?" Kambo akajibu, "Juu ni yangu," yaani kwa sababu ni yangu, akaenda zake. Hakusema zaidi. Sasa najua kwa nini hakusema, na kila nikifika hapa kwenye habari hii nataka kumkimbilia barabarani nimrudishe kwa mkono.

Béa alifungua sanduku, akatoa vikwembe kimoja baada ya kingine, akaviweka kitandani, kimoja juu ya kingine. Basi. Ni hilo tu. Mtu yeyote anafanya hivyo. Kile kilichokuwa juu sandukuni kikawa chini kitandani, na kile cha chini kikawa juu. Alipomaliza akaanza kuchagua, akachukua rundo lote na kuacha kile kimoja cha chini ya rundo, cha kijani chenye mapepeo, akakirudisha sandukuni kwa adabu, akakilaza vizuri, kwa sababu mama amesema. Mimi nilikuwa dirishani nasafisha kioo cha simu. Niliona yote na sikuona kitu.

Cha juu ya rundo kilikuwa cha buluu nzito, kimejaa funguo za manjano, kubwa kama mkono, zimelala kila upande. Karatasi ya kiwanda ilikuwa bado inang'aa. Béa alikipandisha kwenye mwanga, akakigeuza huku na huku. "Rudisha Funguo," akasema. "Hii nilisikia tu jina yake. Siyaionaka." Jina lilitoka kwa wapangaji, maana nusu ya mji huu imepanga, na neno la mwisho la mwenye nyumba kwa mtu anayehama ni hilo. Picha ilipokwenda, mnunuzi akapatikana kabla bukari haijaiva. Mama mmoja wa nchi ya baridi, jina lake Greta, mnunuzi wetu wa zamani, yule yule wa muuzaji mpendwa. Nilikifunga mwenyewe. Nakumbuka nilikunja mara nne halafu mara tatu, nikapitisha kiganja juu ya ufunguo mmoja ili ulale, nikaweka skochi. Ijumaa Kasereka akaombea, akaondoka nacho.

Kambo hakufungua sanduku. Kwa nini afungue? Alikuwa na imani na mtoto wake. Mvua ikaisha, baridi ya Juni ikaingia na vumbi lake jekundu, na miguu ya Kambo ikaanza kuvimba. Mwanzo tulimtania kwamba anatafuta viatu vya askari. Halafu pumzi ikawa fupi, akawa anasimama katikati ya ujia wa ndani akishika ukuta, na daktari alipomsikiliza moyo hakutania na mtu. Akampa vidonge na kumwambia Béa, nje mlangoni, kwamba ampe mama yake anachopenda kula.

Asubuhi moja Béa amekwenda kununua mkate, Kambo akaniita. Alikuwa na jua miguuni. "Mado, weye hauko mutoto wangu," akasema. Nikadhani ananifukuza. "Juu hauko mutoto wangu, ntakuambia. Mama hamuambiaka mutoto yake kikwembe cha kuzikiwa. Mutoto akijua, anaanza kukiangalia, na ukimuona anakiangalia unajua anawaza nini. Nilimuambia Mama Kapya jirani, na Mama Kapya alishanitangulia kufwa, mujinga ule. Sasa ntakuambia weye. Fungula sanduku. Iko pale chini. Iko na mafunguo." Alicheka kidogo, pumzi ikamkata, akangoja irudi. "Mi ni mupangaji. Mwenye nyumba akisema toka, minamurudishia funguo, minaenda, bila maneno. Nilikinunua juu ya ile jina. Kiangalie kama mende hazikukula."

Nilikuwa nimekwisha kujua kabla ya kuinua kifuniko. Ndani mapepeo ya kijani yalikuwa yamelala peke yao. Nilikaa pale nimechuchumaa nikisikia mbabula inatoa mlio, na Kambo akauliza kutoka mlangoni, "Iko muzuri?" Nikasema, "Kambo, ngoja Yaya Béa afike." Akairudisha miguu yake juani. Alikuwa mtu wa akili sana.

Nilimwambia Béa uwanjani, mkate bado chini ya kwapa lake. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza kufanya mikono yake hivi, kimoja juu ya kingine, kimoja juu ya kingine, mpaka akafika mwisho wa rundo. Akaona. Nilitegemea atalia au atanigeuzia mimi hasira, lakini alisimama, akajipangusa vumbi, akaingia kwa mama yake na kuteremsha pazia. Nilibaki upande wa huku na vipande vyangu vya mifuko ya unga. Alimwambia yote, kwa mfululizo, bila kujitetea. Kisha sauti ya Kambo: "Iko wapi sasa?" "Iko ng'ambo, mama. Mbali." "Kwa ule mama wa heshima?" "Ee, mama." Kambo akavuta pumzi. "Basi mi nitangoja. Muandikie akirudishe. Mi sitakufwa na mapepeo. Ile mapepeo alininunulia mwanaume mwenye nilikataa." Nilisikia Béa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, sauti mbaya ambayo sijaisikia tena kwa mtu mwingine.

Aliandika siku ile ile. Aliandika kama alivyosema na mama yake, moto moto, kwa Kiswahili chetu, kwamba ile kikwembe haikukuwa ya kuuzisha, ni ya mama ya kufwa nayo, tafadhali mama kwa mama airudishe, na Béa atarudisha kila kitu na gharama zote. Simu ikaimeza, ikaigeuza, ikaituma. Jibu lilifika siku ya pili wakati wa kula. Sote watatu tulikuwa mezani, bukari mikononi, na simu ikasoma kwa sauti yake ya askofu: "Muuzaji, nimesikitika. Je, kitambaa hiki kilivaliwa na mtu aliyekufa? Alikufa kwa ugonjwa gani? Je, ni hatari kukigusa?" Hakukuwa na mpendwa. Béa alichukua simu akaizima. Kambo aliendelea kukanda tonge lake muda mrefu kuliko inavyohitajika. "Anaogopa," akasema mwisho. "Anazani minamutumia ugonjwa mu koli." Hakula tena mchana ule.

Béa aliandika tena kwa Kifaransa cha polepole, akaeleza, akaandika mara nyingine, na nyingine. Greta hakujibu. Na hivyo tukaanza kungoja, na huo kwangu ndio mwaka wenyewe, yale mengine yote yalikuwa mlango wake. Watu husema juu ya wagonjwa wanaopigana na kifo, wanasema kwa kusifu. Mimi nilimwona mmoja na sisifu. Kambo hakuweza tena kulala chali, maji yalikuwa yamepanda, basi alilala amekaa, kwenye kile kiti kifupi, mgongo ukutani, mdomo wazi. Miguu ilipasuka ngozi. Nilimbadilisha vitambaa asubuhi na jioni, na vitambaa hivyo nilivikata kutoka vikwembe vilivyobaki, vile ambavyo ng'ambo hawakutaka. Padri alipokuja kumpaka mafuta, alimwambia kwa upole ajiweke mikononi mwa Bwana. Kambo akamjibu, "Padri, kwanza minangoja koli." Padri alitutazama sisi kama tumemfundisha. Mtaa mzima ulijua. Watoto wa jirani walikuwa wakimpitia mlangoni wakiuliza, "Kambo, haiyafika?" naye anawajibu, "Haiyafika, baba, muende kucheza." Alichekesha watu mpaka mwisho, na usiku meno yake yalisagana kwa maumivu.

Mwezi wa Agosti ulikuwa unakwisha, Ijumaa moja Kasereka akaja dirishani mapema. Nilikuwa nyuma ya pazia la chumba cha mbele nakunja. Hakufumba macho kuomba. "Dada," alimwambia Béa, "koli yako iko. Ilifika Ndola. Niliivusha, iko Sakania kwa shemeji yangu, sikukuwa na nafasi kwa lori. Ijumaa ingine ninakuletea." Niliacha kukunja. Nilingoja kusikia Béa akimshukuru Mungu, nilikuwa tayari kutoka mbio kumwambia Kambo. Béa akasema, "Usilete." "Namna gani, dada?" "Uiache kule kule. Ikifika hapa, atakufwa." Nilisikia anageuza kofia yake mkononi. "Dada," akasema mwisho, "mama anateseka." Béa akasema, "Minajua. Minamuona kila siku. Usilete." "Sawa," Kasereka akasema. "Itakaa." Akaondoka bila kuomba, mara ya kwanza tangu nimjue.

Nimepeleka habari hii kushoto na kulia kichwani kwangu, miaka. Ninao watoto sasa, na mama yangu mwenyewe nimemzika, na bado sijui ningefanya nini mahali pa Béa. Mama yake alikuwa amesema hatakufa kabla ya koli kufika, na alikuwa hajafa, na daktari mwenyewe alishangaa. Wewe ungeuleta ule mzigo nyumbani kwa mkono wako? Ungemwekea mama yako magotini? Na upande mwingine, ungeweza kusikiliza yale meno? Jioni ile Kambo aliuliza, kama kila Ijumaa, "Kasereka anasema nini?" Béa alikuwa anapepeta unga, akasema bila kuinua uso, "Anasema haiyafika, mama." Kambo akanigeukia mimi. Nilikuwa nasugua sufuria, nikaendelea kuisugua.

Wiki tatu zilipita hivyo, na Kasereka alikuja na kuondoka na uso wa mtu aliyemeza mfupa. Halafu Alhamisi moja mchana, joto limerudi, nilikuwa nimempa Kambo munkoyo kwenye kikombe cha bati na nimemshikia ili anywe. Alikunywa kidogo, akaniuliza, "Leo iko siku gani?" Nikamwambia Alhamisi. "Basi kesho," akasema, akaridhika, akaegemeza kichwa ukutani. Nilipanga vitambaa, nikatoa majivu ya mbabula, nikarudi. Kikombe kilikuwa kimelala magotini na munkoyo umeloweka nguo, na yeye hakuwa akijali. Béa alikuwa sokoni. Mimi ndiye niliyemfumba macho.

Tulimzika na mapepeo. Hakukuwa na kingine kilichofaa, na Mama mudogo Alphonsine alikisifu, alisema kijani kinamkaa vizuri dada yake, na Béa alisimama pale amekunja mikono, akavumilia sifa zile zote. Siku ya tatu ya kilio Kasereka aliingia uwanjani amebeba koli kwa mikono miwili, mbele ya watu. Béa aliipokea, akaingia ndani, akaitia kwenye sanduku, chini kabisa, akapanga juu yake nguo zake mwenyewe. Hakufungua. Sikumwambia fungua. Ile biashara ilikufa wiki hiyo. Wanunuzi waliandika, simu ilisoma muuzaji mpendwa kwenye chumba kitupu, mpaka Béa akaigeuza isisome tena. Baadaye aliuza maharagwe na sukari. Mimi niliolewa nikahamia upande wa pili wa mji.

Mara moja tu alilisema. Ilikuwa arusi ya watu fulani kule Karavia, jioni bado kuna mwanga, meza ziko nje karibu na maji, na tulikuwa tumekaa wawili na chupa moja. Watu walicheza. Béa aliangalia kikwembe cha mwanamke aliyepita, akasema kana kwamba tulikuwa katikati ya mazungumzo: "Nilimunyima, Mado. Ilikuwa Sakania, safari ya siku moja, na nilimunyima. Alikwenda na mapepeo juu yangu." Nikamwambia, "Yaya, ulimupenda." "Ile haiko jibu," akasema. Na kweli haikuwa. Alibeba jambo hilo mpaka likampinda mabega, kila aliyemjua aliona, walidhani ni maharagwe.

Sasa nilikuwa nimekaa kitandani pake na koli hiyo magotini, na wanawake wananingoja. Niliwaeleza kwa kifupi. Niliwaambia humu ndani mna kikwembe cha mama yake, cha funguo, kizima, na kwamba labda ndicho tumvike, amalize kile kilichobaki kati yao. Mama mudogo Alphonsine alilia, akasema ndiyo, hiyo iko haki, akaniletea kisu cha jikoni. Nilikata skochi ya mtu mwingine, iliyowekwa ovyo, safu moja tu. Ilipofunguka nilijua kabla sijaona, kwa sababu mikono yangu inajua yadi sita zinavyokunjika, na hii haikukunjika hivyo. Ilikuwa mito. Yaani foronya, zile za kuvika mito ya viti vya sebuleni, nne, zimeshonwa vizuri sana, na zipu. Funguo za manjano zilikuwa zimekatwa kwenye mshono, nusu huku, nusu kule. Pamba ilikuwa imetolewa. Hakukuwa na neno lolote ndani, na mpaka leo sijui kama yule mama alirudisha kwa huruma au kwa sababu aliogopa kuzishika tena.

Nilizigeuza mbele na nyuma. Mama mudogo akauliza, "Iko wapi kikwembe?" Nikamwambia, "Ndiyo hii. Alishakikata." Hapo ndipo nilipolia, na nilikuwa na hasira, hasira kubwa, sikujua nimpe nani. Kwa sababu kikwembe kile kilikuwa kimekwisha tangu zamani. Kasereka angeileta koli ile Ijumaa ya kwanza, Kambo angeifungua kwa mikono yake iliyovimba, angekuta mito. Asingezikwa na funguo hata iweje. Béa hakumnyima mama yake kitu. Alikilinda kisanduku kile cha karatasi kule Sakania, akamdanganya mama yake Ijumaa baada ya Ijumaa, akaishi na dhambi hiyo mpaka ikamzika, na kisu cha jikoni tu kingemwondolea. Kilikuwa pale pale jikoni siku zote.

Tulimvika nguo yake nyeupe ya chama cha wamama. Jeneza lilikuwa tayari barazani, na ndani yake mto mdogo wa kitambaa cha bei rahisi, kama wanavyoweka mafundi. Mama mudogo Alphonsine aliutoa, akaupima kwa macho, akachukua foronya moja ya funguo, akauingiza mto ndani, akavuta zipu mpaka mwisho. Uliingia barabara. Wanaume walimlaza jenezani, wakaombwa watoke. Akanitazama kwa macho yake mekundu.

"Béa alijua kama iko mito?"

"Hapana, mama. Hakujua."

"Basi sasa ajue," akasema, akakiinua kichwa cha Béa kwa mikono miwili, na mimi nikaupitisha mto chini.